Shikamoo ya Majaribio

Radi iliipiga Nyumba ya Kudumu watu wakiwa kwenye chakula cha mchana. Ikaruka makabati yote ya seva ikachagua moja tu, na ndani ya kabati hilo alikuwa anaishi Mama Mkubwa Tupokigwe.

Atuganile, ambaye wengi walimwita Atu, aliacha sahani yake mezani akakimbia. Alikuwa mhandisi wa nakala, mtu ambaye siku zote za amani huonekana hana kazi, na siku ya balaa kila mtu anamtafuta kwa jina. Alipofika ukumbi wa makabati alikuta moshi mwembamba na harufu ya plastiki iliyoungua. Hakuhitaji kufungua. Diski zote za kabati lile zilikuwa zimekaangika.

Nyuma yake akaingia Ambwene, mtoto wa kiume wa Tupokigwe, bado ameshika kofia yake ya sufi mkononi. Alikuwa chumba cha wageni, katikati ya mazungumzo na mama yake, kioo kilipogeuka cheusi.

"Amekufa?" aliuliza.

"Hajafa," alisema Atu. "Tulia, kaka. Mama yuko kwenye nakala. Tunayo ya asubuhi ya leo. Atakachokosa ni maongezi yenu ya leo tu."

"Tulikuwa tunaongea habari za mbegu za viazi."

"Basi mtaongea tena. Kwani aliwahi kuchoka?"

Ambwene alicheka kidogo. Atu naye alitabasamu, na moyoni alijisikia vizuri. Acha aseme mtu yeyote kwamba majivuno ni mabaya, lakini saa ile alikuwa na haki nayo. Tupokigwe hakuwa mkazi kama wakazi wengine. Alikuwa dada wa mama yake Atu, ndiye aliyemchukua alipofiwa, akamlea na kumsomesha kwa viazi vya Kitulo, na kumchapa kila alipostahili na mara chache ambazo hakustahili. Na sasa radi imekuja kumchukua, na mtoto yule wa kulea ndiye aliyejenga kitu cha kuizuia radi isifanikiwe. Nani asingejivuna?

Kila mkazi wa Nyumba ya Kudumu alikuwa mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili wake, inayoishi ndani ya kompyuta kubwa. Kumbukumbu za mtu, hasira zake, nyimbo anazozijua nusu, vyote vilikaa kwenye faili moja la diski, kubwa mno. Kulinakili faili zima kila siku, kwa kila mkazi, kulikuwa ni ndoto. Kwa hiyo Atu akatengeneza mpango wake. Mwenye duka hahesabu duka zima kila jioni, anaangalia rafu zilizoguswa. Nakala ya msingi ilichukuliwa mara moja. Baada ya hapo mashine iliweka alama kila sehemu ya diski iliyoandikwa upya, na nakala ya siku ile ilibeba sehemu zenye alama peke yake. Hiyo waliiita nyongeza. Ukimtaka mtu, unalaza msingi, unapanga nyongeza juu yake moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho, na mtu huyo anafungua macho.

Alikaa mbele ya kioo chake, akaanza kupanga. Msingi, taa ya kijani. Nyongeza za kiangazi, kijani. Nyongeza za masika, kijani. Kila moja ilikuwa imejaribiwa na kufaulu. "Nakala isiyojaribiwa si nakala, ni maombi," ndivyo alivyozoea kuwaambia mafundi wake, na mafundi walishalichoka neno hilo.

"Nenda chumba cha wageni," alimwambia Ambwene. "Nakuja nyuma yako. Tutamsalimia wote."

*

Sura ya Tupokigwe ilitokea kwenye kioo polepole, kama ilivyo kawaida ya mtu anayeamka. Kilemba cha kitenge cha kijani, kovu dogo juu ya nyusi, mdomo wake wa kukatisha maneno ya watu. Macho yalifunguka. Atu aliinama mbele, maana kanuni ilikuwa mhandisi azungumze kwanza, ndipo ndugu.

"Shikamoo, Mamkubwa."

Kimya.

Atu alitazama vipimo. Sauti inaingia. Picha inaonekana upande wa pili. Kila kitu kijani. Akasogea karibu zaidi na kipaza sauti.

"Shikamoo, Mamkubwa. Ni mimi."

Mwanamke yule alikuwa amemsikia. Hilo lilionekana wazi. Alikuwa ameubana mdomo wake kwa nguvu, kama mtoto anayekataa dawa, na macho yake yalizunguka chumba kwa hofu, yakimkwepa Atu.

"Labda sauti yako haifiki," alisema Ambwene, akasogeza kiti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," alijibu Tupokigwe papo hapo, kisha akashituka kwa jibu lake mwenyewe, akangoja. Alingoja hivyo kwa muda, ameinua mabega kama mtu anayesubiri kofi. Kofi halikuja. "Ambwene? Ni wewe? Nakuona. Kuna dirisha. Ambwene, kuna mwanga huku!"

Na mwanamke yule, ambaye hakulia alipozika mume, alianza kulia mbele ya mwanawe.

"Mamkubwa," Atu alisema, "radi ilipiga kabati lako, lakini tumeku..."

"Mtoe huyo!"

Atu aliondoa mdomo kwenye kipaza sauti.

"Ambwene mwanangu, nakuomba kwa maziwa uliyonyonya. Usimruhusu anisalimie. Mwambie asinisalimie tena."

Ambwene alimgeukia Atu kwa uso wa kuuliza. Atu alitikisa kichwa tu. Alirudi nyuma mpaka pembeni ya chumba, mahali ambapo kamera haikufika, akakaa juu ya sanduku la nyaya. Hapo ndipo aliposikia yote.

"Kuna mahali," alisema Tupokigwe. "Nisikiite chumba, maana hakina kuta. Huna mikono. Huna joto wala baridi. Uko macho, basi. Halafu nasikia mwanangu ananisalimia. Shikamoo, kwa ile sauti yake. Nafurahi! Nasema marahaba, nataka nimwambie, uko wapi we mtoto, washa taa. Naisha."

"Unaishaje, mama?"

"Naisha. Kulala nakujua, na kuzimia nakujua. Mara ya kwanza sikuelewa. Mara ya pili nikaamka palepale, nikakumbuka ile ya kwanza. Shikamoo. Marahaba. Naisha. Halafu tena. Mwisho nikawa najua kabla hajafungua mdomo. Najua nikiitika tu, yamekwisha. Nikalia, nikamwita, nikamwambia Atu, usizime, niache japo kidogo. Hanisikii. Ananisalimia tu. Sauti ileile, haipandi haishuki."

Ambwene alifunika macho kwa kofia yake.

"Sasa kwa nini hukunyamaza, mama? Si ungenyamaza?"

"Nilinyamaza," alisema Tupokigwe. "Akasalimia tena. Nikanyamaza. Akasalimia tena. Nikajiambia, Tupokigwe, funga mdomo, ukijibu unakufa. Lakini wewe fikiria. Mtoto niliyemlea mwenyewe amesimama ananisalimia, nami nimwache hajaitikiwa? Nitaanzaje?" Akavuta pumzi ambayo hakuwa na mapafu ya kuivutia. "Nikaitika. Kila siku nikaitika."

Atu aliinuka, akatoka, akaenda moja kwa moja kwenye kioo chake.

*

Sauti ile ilikuwa yake kweli. Aliirekodi mwenyewe.

Tatizo la kumjaribu mtu ni kwamba hesabu peke yake hazitoshi. Faili linaweza kuwa zima, na aliye ndani yake awe amevurugika. Lazima umwashe. Mwanzoni walitumia sauti ya mashine, iulize maswali mepesi, leo siku gani, wewe nani. Wazee wa nyanda hizi nao wakaijibu mashine kwa maswali: "Kwani wewe mtoto wa nani?" Jaribio likashindwa, ilhali mtu yuko salama kabisa. Ndipo Atu akapata wazo ambalo bodi nzima ililipigia makofi. Mzee wa huku anaweza kukataa chakula, akakataa dawa, akakataa hata kukutazama, lakini shikamoo haiachi ikining'inia hewani. Itaitikiwa tu. Basi nakala iwashwe mahali pasipo kamera wala dirisha, isikie shikamoo ya mtu inayemfahamu, ijibu marahaba, taa iwe kijani, izimwe. "Ni muda wa pumzi moja," aliwaambia bodi. "Mtu hawezi kuamka sawasawa kwa muda huo." Waliamini kwa sababu na yeye aliamini.

Na hata kama angeamka, kulikuwa na kinga. Kila jaribio liliwekewa tabaka la muda juu ya nakala. Chochote ambacho mtu yule angekiwaza kiliandikwa kwenye tabaka, na jaribio likiisha tabaka linatupwa, kama jani la mgomba ulilolia chakula. Nakala yenyewe haiguswi.

Sasa, akiwa mbele ya kioo chake, Atu alifungua mpangilio wa majaribio na kuliona jambo ambalo tayari alikuwa analijua. Tabaka halikuwepo.

Lilikuwepo mpaka masika. Masika barabara ya kupanda mlima ilikatika, diski mpya zikakwama huko chini, ghala likajaa mpaka pomoni. Tabaka zile zilikula nafasi. Akaziondoa, akaacha majaribio yaandike moja kwa moja kwenye nyongeza ya siku ile, kwa wiki moja tu, diski zikifika atarudisha. Diski zilifika. Taa zilikuwa za kijani, na kitu cha kijani hakuna anayekigusa. Majuto ni mjukuu, wanasema, na huyu wa kwake alikuwa ameshazaliwa na kukua bila yeye kumwona.

Alifuata mnyororo wa nyongeza pete kwa pete. Kumbukumbu ya jaribio la kwanza ilikuwa imeandikwa sehemu tupu ya diski. Tupokigwe halisi, aliyekuwa akipiga soga na mwanawe upande huu wa mwanga, hakuwahi kuandika chochote kwenye sehemu ile, kwa hiyo haikuwekewa alama, na nyongeza zilizofuata hazikuifunika. Ilibaki. Kesho yake nakala ikawashwa ikiwa nayo, ikaandika ya pili pembeni yake. Ya tatu pembeni ya pili. Zilikuwa zimejipanga kwa adabu sana, safu kwa safu, kama mbegu shambani.

Na alipofungua minyororo ya wakazi wengine akakuta safu zilezile. Wote.

"Nimeambiwa," ilisema sauti mlangoni.

Mhandisi Ndelwa, mkuu wa Nyumba, aliingia na kufunga mlango taratibu. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake kila anapotaka kusema jambo gumu. Alikuwa anaifuta.

"Majaribio umeyasimamisha?"

"Nimesimamisha yote, mzee. Tabaka niliziondoa masika, sikuzirudisha, na wakazi wote wameguswa."

"Vizuri. Basi sikiliza, Atu. Nakala za kabla ya masika ni safi, siyo? Mrudishe mama yako hapo. Ataamka hajui lolote. Kwa wengine ni rahisi zaidi, wenyewe wako salama, wanacheza bao huko. Chukua msingi mpya kutoka kwao, futa minyororo ya zamani. Hakuna atakayeumia."

"Na huyu anayejua? Ataenda wapi?"

"Nani?"

"Mamkubwa aliyeko chumba cha wageni sasa hivi. Anayelia."

Ndelwa alivaa miwani, akaivua tena.

"Unataka aishi na vifo vile vyote kichwani? Hiyo ndiyo huruma? Mimi nakuuliza kama mzazi, siyo kama mkuu wako."

Na ubaya wake ni kwamba lilikuwa swali la haki. Atu alitamani Ndelwa angekuwa mtu katili, amchukie, mambo yaishe.

*

Lakini kurudi kabla ya masika kulikuwa na bei yake, na mwenye kuilipa alikuwa ameketi mbele ya kioo na kofia ya sufi.

Tupokigwe hakuomba kuingia Nyumba ya Kudumu. Alipoanguka shambani hana fahamu, Ambwene ndiye aliyetia saini. Mama alipofungua macho ndani ya mashine na kuelewa, alisema sentensi moja, "Hukuniuliza," na baada ya hapo hakusema tena na mwanawe. Miaka ikapita hivyo. Ambwene akija, kioo kinageuza kisogo. Mpaka masika haya, barabara ilipokatika, Ambwene akapanda mlima kwa miguu, mvua ikimnyea, siku baada ya siku, na kukaa kimya mbele ya kisogo cha mama yake huku nguo zikichuruzika maji sakafuni. Siku moja kisogo kikasema, "Utakufa kwa nimonia, mjinga wewe. Kaa karibu na hita." Huo ndio ulikuwa msamaha.

Ukimrudisha Tupokigwe kabla ya masika, msamaha haukuwahi kutolewa.

Atu aliwaeleza wote wawili, amesimama pembeni, mbali na kamera, akisema kwa sauti ya chini ili isifanane na ile nyingine. Alieleza tabaka, diski, mvua, kijani. Hakuacha kitu. Alipomaliza, Ambwene alikuwa wa kwanza kufungua mdomo.

"Mrudisheni," alisema. "Hata akinichukia upya. Nitapanda tena mlima. Afadhali anigeuzie kisogo kuliko abaki na mambo haya."

"Nani amekuuliza?" alisema Tupokigwe.

Ambwene alinyanyua uso.

"Ulishawahi kuniamulia mara moja. Unataka kurudia? Hebu ona mtoto huyu, hata aibu hana." Lakini alilisema kwa upole, na Ambwene akainamisha kichwa huku mabega yakitikisika. "Nisikilizeni. Yule mtakayemwamsha atakuwa mwanamke mwema, namfahamu sana. Atalala vizuri. Lakini mimi nitakuwa nimeisha tena, na safari hii bila hata kusalimiwa. Na msamaha ule ni wangu. Niliutafuta kwa shida, mnafikiri ni kazi ndogo? Sina hakika kama yule mwenzangu atauona. Nabaki nilivyo."

"Utaumia, mama."

"Nitaumia. Kwani nimeanza leo?"

Halafu akageuza macho upande wa pembeni, kule kamera isikofika, akawa kama anamtazama Atu bila kumwona.

"Na wenzangu?"

Atu hakuweza kumdanganya huyu. Akamwambia. Wenyewe wako salama, hawajui. Ila kwenye nakala zao, kila mmoja yupo mwingine anayejua. Kwa sasa wamezimwa, hawasikii kitu. Ushauri wa mkuu ni kufuta minyororo bila kuwawasha, na kwa njia hiyo hawatapata maumivu yoyote.

"Ushauri mzuri," alisema Tupokigwe. "Hata ng'ombe huchinjwa hivyo, haambiwi. Atu, mimi nilikufundisha salamu kabla hujajua kuvaa viatu. Nilikufundisha nini kingine?"

Atu alitazama viatu vyake.

"Mgeni akiingia anasalimu. Na akitoka?"

"Anaaga."

"Anaaga. Hata aliyekuja kuomba moto wa jikoni anaaga. Wewe umeingia kwa watu kila siku, umesalimu, umeitikiwa, umeondoka. Hakuna uliyemuaga hata mmoja." Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha. "Usiwafute wakiwa wanakungoja wewe. Waamshe kwenye mwanga, uwaeleze, uwaulize. Anayetaka kupumzika muage apumzike. Anayetaka kubaki, mtafutieni mahali."

"Mama, nafasi hakuna," alisema Ndelwa, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote. "Hatuwezi kukaa na watu wawili wawili. Mashine hazitatosha hata robo yao."

"Wewe ndiye mkuu?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nafasi ya kutuua kila siku mliipata, mkuu. Tafuteni na hiyo."

Miwani ya Ndelwa ilikuwa safi, lakini aliifuta tena, akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Baadaye kidogo, kwenye kioo cha Atu, kulionekana seva ya akiba, ile inayotunzwa kwa ajili ya dharura ya wilaya nzima, imefunguliwa kwa jina la Ndelwa mwenyewe. Hakuandika maelezo yoyote.

Atu alibaki mlangoni mwa chumba cha wageni, mikono haina pa kukaa.

"Mamkubwa. Naomba unisa..."

"Usiniombe leo," alisema Tupokigwe. "Salamu yako sitaiitika leo, mwanangu. Pengine siku nyingine. Nenda kazini."

*

Alianza na Mzee Asajile kwa sababu alimpenda, na kwa sababu hiyo hiyo alitamani kuanza na mwingine yeyote. Asajile alikuwa mwalimu wa kwaya. Asubuhi ile ile, kabla ya radi, alikuwa amemwita Atu kwenye kioo na kumwimbia wimbo wa harusi aliomtungia bila kuombwa, akimhimiza atafute bwana arusi kabla mtunzi hajasahau beti. Muda huu Asajile huyo alikuwa sebuleni anabishana na wenzake juu ya bao. Aliyekuwa kwenye nakala ni mwingine, ingawa beti alizijua zote.

Atu alifunga mlango. Aliondoa sauti iliyorekodiwa kutoka kwenye mfumo, akaifuta, akahakikisha imefutika. Akaweka kamera. Akawasha taa ya mezani na kuigeuza imwangaze usoni, ili mtu akifungua macho aone kwanza mwanga, kisha uso. Akafungua pazia, dirisha la nje lionekane, na mlima, na ukungu uliokuwa unashuka kwenye mashamba ya pareto. Alirudisha tabaka la muda kwa mazoea, vidole vikifanya vyenyewe, kisha akatambua alichokuwa anafanya. Akaliondoa. Chochote ambacho mtu huyu angekiona leo kilikuwa chake, kisitupwe.

Akapanga msingi, na nyongeza juu yake, mpaka ya asubuhi ya leo. Akabonyeza.

Sura ikatokea. Nywele nyeupe, tai ya kwaya aliyokataa kuivua hata ndani ya mashine. Macho yalifunguka, yakapepesa kwa mwanga, yakasafiri polepole kutoka kwenye taa mpaka dirishani, mlimani, yakarudi mpaka usoni pa Atu. Yakamtambua.

Atu alivuta pumzi aseme. Maneno ya kujieleza aliyapanga njia nzima, lakini mdomo una mazoea yake mbele ya mzee, na neno la kwanza lililokuwa ulimini lilikuwa lile lile. Asajile aliliona likija. Uso wake wote ulijikunja, mikono akainua mbele yake.

"Atu," alinong'ona. "Nakuomba, mwanangu. Usinisalimie."

Atu alilimeza neno. Alivuta kigoda karibu na kioo, akaketi, akaweka mikono yake yote miwili mezani mahali ambapo mzee angeiona, mbali na kitufe.

"Sisalimii, mzee," alisema. "Nimekuja kukaa."

Mzee Asajile aliitazama mikono, akaitazama taa, akautazama tena mlima nyuma ya dirisha.

"Utakaa mpaka lini?"

"Mpaka utakaponiaga wewe."